Daftari la Saba Si Lako, Yaya

Yaya Adela,

Kiti chako bado kiko pale pale karibu na mlango. Wateja wanakikwepa. Mimi nakipangusa kila asubuhi, kisha naweka mafungu ya rasta juu yake ili kisionekane kitupu. Mvua za safari hii zimekuja na fujo, maji yameingia saluni mara mbili, na ule mtaro wa Kamwokya uliokuwa ukiutukana kila siku bado umeziba. Nakuanzia na mtaro kwa sababu naogopa kufika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Unanijua. Nikiwa na kosa, huanza na habari za mvua.

Nimekukosa jamani. Kwetu Bukavu dada mkubwa ndiye Yaya, hata kama hamkuzaliwa tumbo moja, na wewe ulinipokea hapa Kampala nikiwa sijui hata kugawa nywele kwa chanuo. Ulinifundisha kusuka. Saluni za wenzetu zina televisheni, ya kwetu ilikuwa na wewe na madaftari yako ya hadithi. Mteja alikushikia daftari mbele ya uso wake, nawe ukasoma kwa juu ya kichwa chake huku vidole vinakwenda. Wa rasta ndogo ndogo alipata sura nzima ya Malkia Anayesuka Barabara. Wa mistari minne alirudi kwake na kiu. Wamama wa Kongo, Wakenya wa Bukoto, hata yule mama wa Kiganda, nyabo wa maparachichi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea njia, wote walijua kwamba Malkia akikaza msuko barabara zinakutana, na akifumua watu wanapotezana.

Na kila mwisho ulipiga makofi: "Haya, tokeni! Mji umefungwa!" Watu walicheka, wakaanza kutafuta viatu vyao. Siku moja nilikuuliza kwa nini unawafukuza. Ukasema, "Uongo wa hadithi uwe na mlango, Riziki. Uliyemwingiza, umtoe kwa mkono wako mwenyewe." Nilidhani ni mzaha wako tu.

Nilitaka kuandika kama wewe mpaka nikaumwa. Nilikuletea kurasa zangu, ukazisoma umesimama, ukanirudishia: "Maneno yako yamevaa viatu vya harusi kwenda sokoni." Weh! Nililia kule uani, nikarudi macho mekundu, ukajifanya huoni, ukanikatia nusu ya chapati yako ya mayai. Kesho yake nikaandika tena. Sikuwa na ndoto nyingine. Wenzangu waliomba waume na visa, mimi niliomba siku moja nisome kitu changu na watu wanyamaze vile walivyokunyamazia wewe.

Kisha presha ikakuchukua Jumanne moja asubuhi, daftari la saba likiwa nusu. Ulimwacha Nabintu, yule msichana aliyepotea, amesimama pale barabara tatu zinapokutana. Tukakuzika. Jumamosi wamama wakaja saluni, hawakuja kusuka, walikuja kukaa tu. Mama Zawadi ndiye aliyeuliza, "Hakuacha kitu?"

Unajua Nabintu alikuwa nani kwake. Zawadi wake alimponyoka mkononi siku ya kukimbia vita, katika ule msongamano wa mpakani, na mpaka leo hajamwona wala kusikia habari zake. Na sisi kila siku tunamwita kwa jina la mtoto huyo. Sura za Nabintu hakukosa hata moja. Nilifungua mdomo niseme hapana. Nikasema, "Aliacha."

Nilimhurumia, Yaya, kweli. Lakini nikikuficha na wewe nitamwambia nani? Kulikuwa na tamaa pia.

Niliandika asubuhi kumi na moja kabla ya kufungua. Nilishuka Kikuubo kwenye duka lile lile tunalonunulia rasta, nikachukua kalamu ya buluu kama yako, nikaendelea na daftari lako la saba pale ulipoishia. Nilikata maneno kwa mistari miwili, vile unavyokata wewe. Nikamfanya Malkia azisuke zile barabara tatu kuwa moja, na ile moja nikaifikisha mlangoni kwa mama yake Nabintu. Wewe usingethubutu. Na katika meno ya Nabintu nikaweka mwanya, na mwilini nikamvalisha gauni la maua ya njano. Katika madaftari yako sita Nabintu hana mwanya. Mwanya ni wa Zawadi. Gauni ni la Zawadi. Mama yake aliniambia mwenyewe, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu.

Nikawasomea huku namsuka Mama Zawadi, yeye akinishikia daftari. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesema hapa Adela amelegea. Nilipata kile nilichokiomba miaka yote, niliandika kama wewe, na hakuna aliyetofautisha. Nilipofika mwisho Mama Zawadi alikuwa amelaza daftari magotini, analia bila sauti. Na mimi nikalia. Akaomba aende nalo kwake lile daftari, nikampa. Sikupiga makofi. Sikuwaambia watoke.

Jumapili, kanisani, saa ya ushuhuda, akasimama. Akasema Adela kabla ya kufa alionyeshwa mtoto wake, na mwanya wake, na gauni lake, na kwamba yuko njiani anakuja. Mchungaji akasema amina, ngoma zikapigwa. Nami nikapiga vigelegele. Kwa mdomo huu huu.

Baada ya hapo nikaona kazi ya mikono yangu. Alianza kufagia uwanja asubuhi na jioni. Alifua shuka za kitanda cha pili. Chumba chake kinavuja, unakijua, na dada yake wa Bukoto amempa chumba kikavu, bure. Akakataa. Zawadi akija atamkuta nani pale? Analala chini ya beseni la matone kwa sababu ya sentensi zangu. Kikohozi kimemshika. Nilisema nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Alhamisi nilikwenda. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote nimesimama, sikukaa, sikustahili kukaribishwa kiti. Akaendelea kuchambua. Mbovu huku, zima kule. Kisha akauliza neno moja tu, "Na mwanya?" Nikamjibu kwamba mwanya pia niliuongeza mimi. Akaweka mkono mdomoni. Hakunitukana, na laiti angenitukana! Aliingia ndani, akatoka na daftari amelifunga kwenye kitenge kama kitu cha mtoto, akanipa. Akasema, "Umtoe mtoto wangu humo."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe bado. Jumapili iliyopita alisimama tena mbele ya watu wote. Akasema ule haukuwa ufunuo, ilikuwa hadithi, na yeye ndiye aliyeelewa vibaya, wamsamehe. Hakunitaja. Hata kunitazama hakunitazama. Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba huzuni imeanza kumvuruga akili maskini. Nilimsikia, Yaya. Nilikuwa nimekaa na Biblia mapajani, miguu yangu mizima, na haikunisimamisha. Aliketi peke yake na aibu yangu, akaanza kukohoa.

Sasa umejua. Ungekuwa hai ungenifokea mpaka majirani waje, kisha ungenuna siku mbili, kisha ungeniuliza kama nimekula. Natamani hata hiyo kufokewa. Nakutafuta kwenye kila kichwa ninachosuka na sikupati.

Daftari la saba nimelikata pale ulipoishia wewe. Nusu yako nimeiweka pamoja na yale sita, nusu yangu nimeichoma jikoni. Nabintu amebaki kwenye njia panda kama ulivyomwacha, na wamama wakitaka kujua nitawaambia hivyo. Bado nataka kuandika, sitakudanganya. Hamu haikuungua. Lakini nitakachoandika kitakuwa na jina langu juu, hata kama ni maji matupu, na watu wakipiga miayo wapige.

Pumzika, Yaya wangu. Udongo wa huku si wa kwetu, lakini nimeambiwa ni mwepesi. Nitakuja kukung'olea majani mvua ikipungua.

Ninakuahidi moja tu. Jumapili hii nitasimama. Sitasema shetani alinipitia, maana nilikuwa peke yangu na kalamu. Nitasema ni mimi niliyeandika, na kwamba Mama Zawadi hakuelewa vibaya hata neno moja. Alielewa kile kile nilichotaka aelewe.

Mdogo wako,
Riziki