Mama Alute Anasema Ubeti wa Pili ni Wake, Kumbe ni Sauti Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza nipokelee shikamoo kama umenizidi umri, kama mimi ndiye nimekuzidi basi marahaba naitanguliza. Naitwa Yunisi, nakaa hapa Shelui, shule niliishia darasa la tatu kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Nina binti yangu Scholastika, sisi tunamwita Skola, ana studio ya kurekodi nyimbo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, kompyuta yenyewe ni ya mtumba, ilikuja na lori kutoka Dar es Salaam imefungwa kwenye godoro, maiki ni moja na ukutani tumebandika trei za mayai, na kwaya yetu ya akina mama ndiyo ilikuwa ya kwanza kuja kurekodi, mimi nikiwa mmoja wao, na mwenyekiti wetu ni Mama Alute ambaye ndiye mama wa ubatizo wa Skola, na ndiye aliyenilelea mtoto huyo nilipolazwa hospitali, kwa hiyo uelewe ni mtu wa namna gani kwangu.

Sasa kwa kuwa maiki ni moja na hedifoni ni moja, kila mama alitaka azivae mwenyewe, aimbe peke yake ajisikie, na akikosea anarudia, anarudia tena, na Skola alipotaka kufuta pale mtu alipokosea mimi nikamkataza, nikamwambia mwanangu hawa ni mama zako, sauti ya mtu mzima huifuti kama chaki ubaoni, basi akawa anaziacha zote, na kila mama akaomba awekewe mwangwi kama wa kanisani, naye akamwekea kila mmoja wa kwake.

Wimbo ukaanza kuwa mzito, Skola akibonyeza kuufungua mimi nachambua mchele mpaka namaliza na kale kachupa ka mchanga kwenye kioo kanajigeuza tu, ikafika mahali anabonyeza, naenda bombani, napanga foleni, narudi na ndoo kichwani, bado, na mara nyingine inaganda kabisa anaizima anaanza upya, mtoto akawa halali, hali, na vijana waliotaka kurekodi wakaanza kusema studio ya Skola imekufa, twendeni zetu Singida mjini.

Shemeji yangu Anselm akaja akaiangalia ameshika kiuno, akasema, "Shemeji, hii imetupiwa kitu. Uza upate hata baiskeli." Nikamwambia, "Mchawi wa hapa Shelui angeanza na wewe unayeamka jua limeshapanda, siyo kompyuta ya watu." Akacheka lakini hakuacha kusema. Akaja na fundi kutoka mjini, fundi akapuliza vumbi, akatoa virusi, akasema sasa itakimbia, haikukimbia.

Ndipo Skola akatulia, akajaribu nyimbo zingine, ule wa vijana wa bongo fleva ukafunguka mara moja, wa harusi nao ukafunguka, akageuka akaniambia, "Mama, kompyuta haiumwi. Ni huu wimbo wenu." Akatengeneza nakala, ile faili ya zamani akaiacha ilivyo, kwenye nakala akawa anatoa sauti moja moja na mwangwi wake, akabakiza nne tu, yake mwenyewe maana naye aliimba nasi, na za wanakwaya watatu, ya Cecilia, ya Mama Gasto na ya kwangu mimi mama yake. Akabonyeza. Mshauri, wimbo ulifunguka kabla sijakaa kwenye kigoda. Tulikumbatiana tukazunguka chumba kizima mpaka trei mbili zikadondoka, jirani akaja kuuliza kama tumepata mgeni.

Wimbo ukaisha, ukatoka mzuri kuliko nilivyowaza, Skola akachoma CD moja ya kuonjesha akampa Idrissa mwenye duka la kanda pale malori yanaposimama, na madereva wakausikia wakawa wanaulizia unauzwa lini, mmoja alikuwa ameshawasha gari akazima ausikilize mpaka mwisho. Nilisimama pale na beseni langu la karanga, nikasema moyoni huyu ni mwanangu kafanya hivi.

Lakini sasa wenzangu wa kwaya nao wanakwenda dukani kwa Idrissa kujisikiliza, na kila mmoja anajisikia, mmoja anasema mimi ndiye yule wa nyuma anayevuta, na huyo wa nyuma hayupo, alishatolewa. Na Mama Alute ndiye kabisa, ubeti wa pili ukikaribia ananyoosha mkono watu wote wanyamaze.

"Nyamazeni, ninaingia hapa," anasema. "Mnanisikia? Na siku hiyo nilikuwa na mafua."

Mshauri, huyo anayeimba ubeti wa pili peke yake ni mimi.

Nilinyamaza mara ya kwanza nikidhani atagundua, hakugundua, na sasa amewaalika wakwe zake kutoka Nduguti waje kwenye uzinduzi wamsikie, uzinduzi wenyewe umekaribia. Skola ananiambia, "Mama, wote wana furaha, wewe unatafuta nini?" Mimi silali. Nikisema, watasema Yunisi kamshika mwanawe mkono abakize ya mama yake awatupe wenzake, na hakuna kwaya itakayokanyaga tena studio ya mtoto. Nikinyamaza, mwanamke aliyenilelea mwanangu atasimama mbele ya wakwe zake kujisifia sauti ambayo siyo yake, na siku akijua nitamtazama vipi. Na kuna jambo lingine nakuambia wewe tu, akisema ule ubeti ni wake huwa naumia, nataka kumwambia ni wangu, halafu naona aibu kwa nini nataka. Nisaidie.

Yunisi, Shelui


BI SAADA ANAJIBU

Mama Skola, marahaba, maana nadhani nimekutangulia kidogo. Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka.

Kwanza pokea hongera. Binti yako hakukimbilia mganga wala hakuuza kitu. Alijiuliza kwa nini nyimbo zingine zinafunguka na huu haufunguki, akapata jibu. Wewe ulimpa chumba cha mbele cha nyumba yako. Wazazi wangapi wangempa?

Sasa nikukemee. Uzito wa ule wimbo uliuleta wewe kwa huruma isiyo na mpaka. Kumfutia mtu pale alipokosea si kumfuta yeye, ni kumstahi. Na kosa la pili ni kubwa kuliko hilo. Mlipunguza sauti za watu bila kuwaambia wenyewe, ikabaki ya mama wa studio. Hata kama Skola alichagua kwa haki, nani atamwamini? Siku zinapita na wewe umekaa na karanga zako unasikiliza.

Lakini tulia, hakuna kilichokufa. Umeandika kwamba faili ya zamani ipo. Nilimpelekea barua yako Laurenti, anayeshughulikia mitambo ya sauti kwenye redio iliyo jirani na ofisi yetu, akasema hivi. Skola aifungue ile ya zamani, na akishabonyeza aondoke, asiguseguse kitu, hata ikichukua muda wa kupika maharage. Kwa kila mama achague alipoimba vizuri, zile za kukosea azihamishie kwenye CD na kuziweka kando. Mwangwi wa mmoja mmoja autoe wote, aweke mmoja wa kundi zima. Halafu mama wote hao awaunganishe watoke kama sauti moja, na hiyo moja ndiyo ailete kwenye wimbo mwepesi. Kompyuta itabeba mzigo mmoja badala ya utitiri, na kila mama atakuwemo kweli. Aangalie pia nafasi iliyobaki kwenye diski, maana ikijaa hata wimbo mwepesi utasota.

Wakati Skola anafanya hayo, wewe nenda kwa Mama Alute. Usimtume mtoto. Nenda peke yako, kaa chini, mwambie yote, na la ubeti wa pili pia. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Akimaliza, mwalike studio ajisikie. Kisha waite wengine wote, waambie kabla ya uzinduzi, siyo baada.

Na hilo unaloliona aibu, si aibu. Umeimba vizuri na unataka ijulikane ni wewe. Kuna ubaya gani?

Kwa kuwa uzinduzi ulikuwa karibu, jibu hili nilimpa dereva wa basi alifikishe Shelui kabla ya kulichapa hapa. Juzi Mama Skola alinipigia simu kutoka Shelui, kwa kelele zile nusu sikusikia, ila niliyoyasikia yanatosha. Mama Alute alifoka, akaingia zake ndani, akanuna. Baadaye akaja mwenyewe studio na kitenge kipya, akavaa hedifoni, akajisikiliza peke yake mpaka mwisho, akazivua akasema, "Kumbe naimba kama ninayemdai mtu. Niwekeni katikati ya wenzangu." Skola akawaweka wote. Siku ya uzinduzi wimbo ulifunguka palepale mbele ya watu, kwaya nzima ikasikika imejaa, wakwe kutoka Nduguti wakaomba urudiwe, ukarudiwa mpaka wapishi wakaacha masufuria. Kwaya moja ya Sekenke imeshaomba zamu ya kurekodi.

Hongereni. Wakija hao wa Sekenke, Skola awaambie kabla ya maiki kuwashwa kwamba atachagua sauti na makosa atayafuta, asiyekubali asivae hedifoni. Wewe usiingilie.

Na limebaki moja la kwako, Mama Skola. Umeniambia watu waliuliza pale uzinduzini nani ameimba ubeti wa pili, Mama Alute akakuonyesha kwa kidole, na wewe ukainama kwenye sufuria la pilau ukajibu "tumeimba wote". Usirudie. Wakikuuliza tena, simama, futa mikono, uwatazame, useme, "Ni mimi."