Treni ya kwenda Likasi

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Bihambwe tuko wazima, na ng'ombe wetu amezaa mapacha! Unauliza: ukishuka kwa ndege Nairobi, uende Mombasa kwa bisi ao kwa treni?

Nilipokuwa musichana nilishuka Lubumbashi, nikienda Likasi kwa dada yangu. Watu waliniambia, "Kamata bisi, njo inafika mbio." Lakini sikuwa nimeona treni hata siku moja! Nikapanda, nikakaa kwa woga, simujui muntu hata mumoja. Mara mama mumoja akasikia harufu ya fromaje, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe wetu, ndani ya kikapu changu, akaruka: "Hii iko ya kwetu Masisi!" Tukaimba kwa Kihunde, luga yetu, mpaka Likasi, wagoni nzima wakitupigia makofi.

Kamata treni, Furaha. Kisha uniandikie ni nani alikaa mbele yako.

Koko wako anayekupenda