Ndege Aliyegoma Kuondoka Mguuni

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima. Mama kaning'iniza mapazia mapya, nami ndiye niliyeyashona, kwa hiyo usiyatazame sana pindo.

Leo Baba alinipeleka kliniki mara ya sita kumfuta kwa leza yule ndege wa tatuu niliyechorwa pamoja nawe. Mhudumu akaona bawa moja tu limefutika, akacheka. "Mdogo wangu, angekuwa begani angeshafifia. Kifundo cha mguu kiko mbali na moyo, damu hufika polepole, wino nao hauna haraka. Tuongeze mara nne?"

Baba, ambaye hajakutaja tangu mgombane juu ya ndege hao ukaondoka, akauliza, "Dada yako alichorwa wapi?"

"Begani, Baba."

"Kumbe wake ataondoka upesi."

Akaniokotea soksi. "Vaa, twende nyumbani. Imetosha."

Tulipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Mwandikie dada yako. Mwambie wake asimfute."

Nimekuandikia usiku huuhuu, Dada. Kama bado yuko, njoo naye Jumapili. Sitavaa soksi.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye ndege wa bawa moja.