Dalali Mwatum na Nyumba Aliyotunyima

Mwaka umetimia, mama, tangu tulipokutoa katika nyumba ya kupanga ya Duga kukupeleka makaburini. Dua tumekusomea. Lakini kuna jambo limetukaa kooni, na Hafsa, kitindamimba wako, amesema liandikwe hapa hapa gazetini, penye matangazo ya nyumba uliyokuwa ukiyasoma kila asubuhi kabla ya chai.

Ulikuwa dalali usiyepiga kelele. Nyumba ikigombewa na watu watano, wewe ulianza kwa muuzaji: "Shikamoo. Nini kinakutia wasiwasi katika kuuza?" Kisha ulikwenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati, ukaonana na majirani wa mpakani, ndipo ukamwambia mteja wako: "Taja bei yako ya mwisho mara moja. Ukianza kupima maji, mwenzio ataondoka na nyumba."

Ndivyo ulivyompatia nesi Benedikta nyumba ya Makorora. Nyumba ile ile tuliyokuwa tumepanga sisi, alimozaliwa Hafsa.

Mwenye nyumba, Mzee Mwinyijuma, alipotangaza kuiuza, tulishangilia. Baba alikuwa na akiba yake, kaka Tahiri na yake. Hafsa akakwambia, "Mama, safari hii zamu yetu."

Ukaendelea kukuna nazi. "Benedikta nilishampa neno. Nyumba ya kwanza kuuzwa mtaa huu ni yake."

"Hata kama ni hii tunayokaa?"

"Sikumwambia isipokuwa hii."

Akatokea mfanyabiashara wa Horohoro, akataja bei ya kuwazidi wote, ila alitaka funguo wiki ile ile. Wewe ulikuwa umeshajua kwamba mzee alitaka kumaliza Ramadhani pale, na wenzake wa msikitini aliozoea kufuturu nao. Ukamnong'oneza Benedikta, naye akamwambia, "Kaa mpaka Idi ipite, mzee wangu." Akauziwa yeye. Sisi tukafunga virago.

Ulitukera, mama. Siku ya msiba wako, mwenye nyumba wa Duga alikuja kuuliza turubai litaondolewa lini, linamzibia gari. Hafsa alisimama barazani na hasira. Nusu alimkasirikia yule bwana, na nusu alikukasirikia wewe.

Tangu hapo tumekosa nyumba mbili. Ya mwisho, mwezi uliopita, dalali wetu aliwatembeza wanunuzi wawili, sisi na mwingine, kila mmoja akimhakikishia kwamba ameshaipata. Tukaongeza bei, mwenzetu akaongeza, hatukumjua hata sura. Hafsa akaenda mwenyewe kwa muuzaji, Bi Samiha.

"Mwanangu, imeshauzwa," yule mama akamwambia. "Mimi nilitaka mtu atakayemwacha mpangaji wangu wa uani, ana mtoto mgonjwa. Dalali wenu kaniuliza bei tu."

"Sisi tungemwacha!"

"Ningelijuaje, mwanangu?"

Hafsa alirudi akautupa mkoba kitandani. "Mama angeipata ile! Angeipata asubuhi moja!"

Baba akamjibu polepole, "Angempatia aliyempa neno kwanza."

"Basi angalau tungejua tumeshindwa na nani!"

Bado tumepanga, mama, na kinyongo bado tunacho. Watu bado wanapiga simu yako wakitaka uwatafutie nyumba, na Hafsa ndiye anayewajibu kwamba hupo. Wengine humwomba awatajie dalali mwingine kama wewe. Hana wa kumtaja, na hilo nalo linamuudhi.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akunawirishie kaburi lako.

Unakumbukwa na mumeo Zubeiri, wanao Tahiri na Hafsa, na dada yako Mwanaima wa Kigombe. Benedikta naye ameomba jina lake liwemo. Hafsa alikataa katakata. Baba ameliweka.

Hutatutoka moyoni, mama, maisha yetu yote.