Majani ya Imbwa, Majani ku Mulango ya Mama

Beni, Bungulu

Kwa Yaya Paluku, mukubwa wetu, Butembo.

Ninakusalimia juu desturi inaomba mutu asalimie mukubwa wake mbele ya kusema naye. Kama uko muzima, sitauliza. Shofere ya camion, ile lori ya biazi, alisha niambia: umenenepa, batoto banasoma, bibi yako alifungua ka butike ya kuuzia bitu pembeni ya nyumba. Basi uko muzima. Miye pia niko, ninakohoa kidogo tu. Mutu ile sijue kama eko muzima ni Mama, na njo juu yake ninakuandikia.

Kwanza nikuambie kazi yangu, maana ulimuambia shofere kama Kambale anakula raha Beni, eko na patron mukubwa. Patron anauzisha kakao. Eko na imbwa mbili kubwa zilitoka ng'ambo, shingo nene kama ya ngombe. Udongo ya parcelle, kiwanja ya nyumba yake, ni ile nyekundu ya kunata, ya kufanyia matofali. Mvua ikinyesha, imbwa zinaingia mu salon ya nyumba na matope, na Madame anapiga makelele. Donc patron alirudi Dubai na majani ya plastiki, yalikunjwa kama mikeka, akasema tutandike kiwanja yote, imbwa zipate pa kulala na pa kukojoa. Zile imbwa zinakula nyama kila siku. Siye batumikaji tunakula bugali na sombe ya muhogo. Sikudanganye, ninazichukia.

Na ile kazi niliiharibu. Nilitengeneza udongo vile Mama alitufundisha kwetu Kipese: kuilainisha na maji, kuipiga na muti mpaka inakuwa ngumu, kuipakaza vizuri na mukono. Unakumbuka kiwanja yake, hata punje moja ya haragi ikianguka unaiona. Nilikuwa najivuna. Patron mwenyewe alisifu. Tukatandika majani juu, tukakandamiza pembeni na mawe. Mais udongo ya kupigwa vile haikunywe maji. Mikojo ya imbwa ilibakia chini ya plastiki, jua ya Beni ikaipika, harufu ikafika mpaka mu chumba ya Madame. Patron aliniita mbele ya batu bote.

"Kambale, nilikuomba unijengee choo mu kiwanja?"

"Hapana, patron."

"Toa yote. Na mikono yako."

Nilikunja ile mikeka, mikojo inanitiririka mpaka mu kiko ya mukono, imbwa zinaniangalia. Njo ile raha unasemaka.

Tulianza upya. Tulichimba, tukainamisha udongo kuelekea mufereji, tukajaza mawe madogo ya muto, juu yake muchanga. Sasa maji inapita. Batajiri bengine baliona, nabo banatuita kwabo. Kila siku niko natandika majani mu biwanja ya batu, na roho yangu inakataa. Kwetu kiwanja inafagiliwa mpaka inang'aa. Majani ikifika ku mulango, kila mupita-njia anajua: benyewe balisha kufa ao balisha kimbia. Weye ulifundishwa ile mbele yangu, weye mukubwa.

Sasa sikiliza ile shofere aliniambia. Alipita Kipese kupakia biazi. Majani imefika ku mulango ya Mama. Ulihamisha bibi, batoto, hata mbuzi, ukamuacha mule peke yake, na unajua mugongo yake haiwezi tena kuinama na jembe. Batu ba bunduki balipita, bakaona yale majani, bakasema nyumba ni ya bure. Balipanda juu, bakaanza kung'oa mabati. Mama alikuwa ndani, mu kitanda. Alipokohoa, balipiga risasi mu ukuta mbele ya kuuliza ni nani. Haikumufikia. Balienda na mabati ya upande wa jikoni. Sasa mvua inamunyeshea mule, na bengine bakipita, batasoma yale majani vile vile.

Jibu yako pia nilisikia. Unasema Mama anakataa kutoka, hataki kuacha kaburi ya Tata, baba yetu, mu migomba. Ni kweli, anakataa. Na miye alinikataliaga. Mais Yaya, kukata majani nayo alikukataza? Jembe ilikosekana Butembo? Miye nilijaribu kuja. Ku barrière, pale basoda ba jeshi banafunga njia, balisema mutu wa kutoka Beni ni mupelelezi, bakanirudisha na fimbo. Weye hauna barrière hata moja ya kukupiga, camion za biazi zinapita mbele ya butike yako. Kama unaogopa, sema unaogopa, nitakuelewa. Usijifiche nyuma ya Mama.

Enda. Ukate majani, ufagie, ubakie mule kulala mpaka akubali kutoka na weye. Moshi ionekane ku ile nyumba, na sauti ya mwanaume. Ukishindwa, uniambie wazi, niachane na imbwa za batu nipite mu pori, na kama bataniua, utazika babili.

Salamu kwa bibi yako, hana kosa na miye. Salamu kwa batoto, usibasomee hii barua. Salamu kwa shangazi ule wa ku misheni, na kwa katekista, umuambie aombee Mama akitaja jina yake.

Sitaki ufikiri Mama alikushitaki kwangu. Bale ba bunduki balipomuuliza mwenye nyumba eko wapi, alibajibu: "Paluku wangu alienda tu Butembo kutafuta chumvi, anarudi leo." Shofere alisikia ile jibu ku batu ba kijiji, akafikiri alibadanganya juu ya woga. Mais kesho yake, bakiwa babili tu, akimusaidia kufunika jikoni na majani ya migomba, shofere naye alimuuliza weye uko wapi. Mama alimujibu vile vile, na akamuomba asikanyage pale mulangoni, maana njo pale utapitia ukirudi.

Mudogo wako,
Kambale