Viroba vya Mama Bhoke

Nyangoto, Jumanne jioni

Vile viroba nilivyowapa akina mama wapandie mchicha, leo nimevikuta vimejaa mawe.

Mama Bhoke hakuona haya. Alinipa kigoda, akaendelea kuponda mawe kwa nyundo, akitafuta dhahabu. Udongo wangu alishaumwaga nyuma ya choo, pamoja na samadi niliyombebea mwenyewe.

"Nesi, shamba hatuna tena, mgodi umelichukua. Mchicha wa kiroba watoto wanaumaliza siku moja. Jiwe likitoa dhahabu, nanunua unga wa mwezi mzima."

Nikamuuliza mara ya mwisho lilitoa lini. Akasema bado halijatoa.

Bhoke, mwanaye wa miaka mitatu, alikuwa mlangoni anakula ugali mkavu. Nilimpima. Uzito umeshuka tena.

Fomu yangu ya kliniki ina swali la mazoezi ya mwili: mama anafanya, au hafanyi? Nilimtazama na nyundo yake, nikaona aibu kuuliza. Nikajaza "anafanya".

Mwaka mzima nimewafundisha kula mboga, kana kwamba shida yao ni kutojua. Sijui kesho nitawaambia nini.

Nilipoaga, aliniuliza kama nina viroba vingine, maana hivi vimeanza kutoboka.

Nimemwambia nitamletea.