Buibui kwenye Shavu la Susu

Malili,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Kwako dada Mwende,

Kabla sijauliza habari za nyumbani Zombe, wacha niseme hili nikiwa bado na moyo: buibui aliyeharibu picha ya mteja wa mjomba ni wangu. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa salamu. Hujambo, wewe na watoto unaowafundisha nasari? Kifua cha mama kimepoa? Mvua imefika, ama bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Dada, huku kuna watu wengi na hakuna mtu. Malori yanapita kutwa nzima. Shuleni wananiita Bubu. "Bubu, kwani maneno huwa unanunua?" Wanacheka, na jibu linanijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Mjomba ni mtu mwema, lakini siku nzima yuko studio yake ya picha. Kwa hivyo nikitoka shule huingia kwenye kashamba ka mboga nyuma ya studio. Kuna buibui mdogo wa kurukaruka anayekaa kwenye jani la boga. Yeye haniulizi kwa nini sisemi.

Siku moja mjomba akiwa kanisani, nilichukua kamera yake. Ukiitoa lenzi na kuishika kinyume mbele ya kamera, kitu kidogo kama punje ya mtama kinajaa kioo chote. Niliona macho ya yule buibui, dada! Manane, yanang'aa. Nilizuia pumzi mpaka upepo ukatulia, nikapiga picha nne.

Filamu niliitoa kwenye droo. Ncha yake ilikuwa imekunjwa, nikainyoosha kwa ukucha. Sikujua mjomba hukunja ncha ya filamu iliyokwisha kutumika. Ndani yake mlikuwa tayari na picha za susu mmoja wa Mukuyuni, bibi mzee ambaye hakuwa amewahi kupigwa picha tangu azaliwe.

Mjomba alipoisafisha filamu, picha zangu zilikuwa zimelala juu ya zake: buibui alikuwa amekalia shavu la yule susu, miguu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Susu alipoiona picha aliirusha mezani.

"Nimekaa bila kupepesa mpaka shingo ikauma, ndio unipe hiki? Umenipiga na mdudu! Mimi sikai tena."

Mjomba aliomba msamaha kama mtoto. Kisha akafungua kamera, akaimulika ndani kwa tochi.

"Kavata, njoo wewe mwenye macho. Unamwona huyo buibui?"

"Simwoni, mjomba."

"Basi ametoka. Amekaa kwenye lenzi yangu na mimi sikumwona. Haya macho yamekwisha."

Jana alishusha kibao cha studio. Anasema mwisho wa mwezi atamrudishia mwenye nyumba ufunguo, aende akalime.

Na lililo baya zaidi ni hili: nilipoiona ile picha, kabla ya aibu, nilifurahi. Nywele za miguu ya buibui zilionekana moja moja. Sijawahi kufanya kitu kikatoka vizuri namna hiyo, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mara tatu nimesimama mbele ya mjomba ili niseme. Mara tatu nimemuuliza kama anataka chai.

Mwambie mama ninakula vizuri. Msalimie ndugu yetu mdogo Mutua, asiue buibui wa jikoni. Na shangazi Mbithe, anayemsaidia mama kuchota maji, mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Kavata.

Dada, nasikia viatu vya mjomba uani. Kila mara nikimsikia huwa naifunika barua kwa kitabu cha jiografia. Leo siifuniki. Nimeigeuza ielekee mlango, asome mwenyewe kile mdomo wangu umekataa kusema. Amefika.

Mjomba, anzia juu. Macho yako ni mazima.